Njia Imekunywa

Nilianza kwa kukata. Nilikuwa na kalamu nyekundu, ile ile ninayosahihishia madaftari ya Darasa la Nne, na katika hadithi moja wimbo uliokuwa unarudiwa mara nne nikauacha mara moja tu. Zile mara tatu nilizipiga mstari bila huruma. Nilijiambia kwamba msomaji wa leo hana subira. Ukimwimbia jambo lile lile mara nne atafunga kitabu arudi kwenye simu yake. Nilijiona fundi kweli kweli. Siku ya Jumamosi nikapanda gari kutoka Masasi kwenda Newala, daftari kwapani, nikamsomee mama mkubwa kazi yangu.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Mama alifariki kabla sijajua kutembea, kwa hiyo aliyenibeba, aliyenilisha na aliyenichapa ni huyu. Ameshapita miaka themanini, magoti yanamsumbua, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Anaishi na binti yake, ambaye kwangu ni dada, katika kijiji kilicho karibu na Makote, pale ukingoni ambapo ardhi inakatika ghafla na kuteremka hadi bondeni. Hadithi zote nilizokuwa nakusanya kwenye daftari zilitoka kinywani mwake. Nilikuwa nimeamua kuzitoa katika kitabu kidogo cha watoto. Hakuna aliyenituma. Siku moja tu niliwauliza wanafunzi wangu, ambao wengi wao bibi zao wako huku huku kwetu, nani ana hadithi ya kwao, wakanisimulia katuni. Nilikasirika siku nzima, na hasira yangu huwa haipoi mpaka nimeipa kazi.

Nilisoma huku yeye akimenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, iliyochemshwa. Nilipomaliza hakunisifia.

"Mtungi ameutua wapi?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Huyo msichana wako. Umemtoa kisimani, umemfikisha nyumbani. Mtungi ameutua wapi?"

Nikamwambia hilo nimeliondoa ili hadithi iende haraka.

"Basi shingo imevunjika," akasema. "Msichana amekufa njiani. Hadithi yako ni ya marehemu." Akaendelea kumenya ming'oko.

Nilinuna, maana mwalimu hapendi kusahihishwa. Lakini nilijua alichokuwa anakisema, na niliona aibu kwamba nilikuwa nimekisahau. Huku juu kwetu ardhi ni mchanga. Mvua ikinyesha maji yanazama yanakwenda zake, hayabaki kisimani wala mtoni. Kabla ya mabomba, wanawake waliteremka bondeni alfajiri, wakachota, kisha wakapanda na mizigo kichwani. Katika ule mlima palikuwa na vituo vitano. Huwezi kutua popote unapotaka, kwa sababu ndoo iliyojaa ukiiweka chini peke yako hutaweza kuirudisha kichwani. Kila kituo kilikuwa na jiwe au gogo lililofika kifuani, mtu aegeshe mzigo wake, apumue, kisha aingie tena chini yake bila kuomba msaada.

Na palikuwa na hadithi za njiani. Zile za usiku kando ya moto tulikatazwa kuzisimulia mchana, tukaambiwa tutaota pembe. Za njiani hazikuwa na mwiko huo kwa sababu zilikuwa sehemu ya kazi. Hadithi ilianza kisimani na kuishia mlangoni, na kila kituo wimbo uliimbwa, ili wote wapumue pamoja na wote wanyanyuke pamoja. Nilipokata nyimbo tatu nilikuwa nimeng'oa mawe matatu. Mimi niliyeipanda njia ile na kidumu changu kichwani, leo ndimi niliyewanyima wenzangu mahali pa kupumzika.

Hadithi yenyewe ni hii. Kulikuwa na msichana ambaye mama yake alikuwa mgonjwa, hajiwezi, na alikuwa anaomba maji tu. Msichana akateremka na mtungi, akachota, akaanza kupanda. Kituo cha kwanza akamkuta kwale amelala kifudifudi, anaimba:

*Mwenye mtungi, mwenye mtungi,*
*koo langu limekuwa vumbi.*
*Nionjeshe, nami nikuache upite.*

Naye akajibu:

*Onja, usimalize.*
*Mama anasubiri.*

Kwale akanywa. Kituo cha pili akamkuta kobe, wimbo ule ule. Cha tatu ni kundi la nyuki. Cha nne ni mgeni aliyepotea njia, mtu mkubwa mwenye koo kubwa, akanywa mpaka msichana akaona kitako cha mtungi kwa ndani. Amebakiwa na maji ya mkupuo mmoja. Na kituo cha tano kiko mbele yake.

Hapo ndipo mimi nilipoishia kujua; katika daftari nilimrusha tu mpaka nyumbani. Nikiwa mtoto sikuwahi kuisikia hadithi mpaka mwisho, wala hakuna mtoto aliyeisikia. Tukifika kituo cha nne tulipewa maji kidogo, kisha tukatangulizwa nyumbani, eti tukakoke moto. Tulikimbia na vidumu vyetu. Wanawake walikuja baadaye, taratibu, na kila siku ndoo zao zilikuwa zimepungua. Nakumbuka nilichovya kidole katika ndoo ya mama mkubwa, nikapima, nikasema kwa sauti mbele ya watu wote, "Mama mkubwa, yako haijajaa." Nilikuwa mtoto wa kimbelembele, na sijabadilika sana.

Alinijibu kama walivyojibu wote: "Njia imekunywa."

Niliamini. Nilifikiri njia ina kinywa mahali fulani, pale juu karibu na nyumbani.

Basi nilirudisha nyimbo zangu tatu, nikamwomba mama mkubwa anipe mwisho. Akaanza tangu kisimani, kwa sauti nzuri tu. Kwale, kobe, nyuki, mgeni. Kisha akanyamaza.

"Kituo cha tano palikuwa na..." Akatazama mikono yake. "Palikuwa na nani pale?"

Alirudia tena tangu mwanzo. Akakwama pale pale. Mara ya tatu sauti ilianza kutetemeka, na mimi nikaogopa, kwa sababu mama mkubwa haogopi kitu na nilimwona anaogopa. Alikuwa ameisema hadithi hii maelfu ya mara, lakini maji ya bomba yalipofika njia iliachwa, na hadithi ikaachwa pamoja nayo. Wenzake wote wa mlima ule wamekwisha kuzikwa. Tulihesabu majina, yeye na mimi, hatukupata hata mmoja aliye hai. Kama mwisho haukuwa kichwani mwake, haukuwa popote duniani.

Nilirudi Masasi nikatunga mwisho wangu. Nisijifiche, niliutunga. Kituo cha tano nikamweka simba, simba akanywa lile tone la mwisho, kisha kwa sababu msichana alikuwa mkarimu wanyama wote wakaenda kuomba mbinguni, mvua ikanyesha, mtungi ukajaa mpaka ukamwagika. Nikawasomea Darasa la Nne. Wakapiga makofi. Msichana mmoja wa dawati la mbele peke yake hakupiga.

"Mwalimu," akasema, "mama yake alikunywa?"

Nilikuwa nimemsahau mama. Mvua yote ile, na mgonjwa nimemwacha ndani na kiu yake. Nikamwambia akae chini, tena kwa ukali, na mpaka leo najuta ule ukali.

Mtu wa steshenari anayenichapia naye alikuwa na lake. Alisoma kurasa zile akasema ziko vizuri, ila niongeze funzo mwishoni. Hadithi lazima iwe na funzo: tuwe wakarimu, tutunze vyanzo vya maji, chagua moja. Nikachukua karatasi zangu. Nilimwambia nitarudi nikiwa na mwisho wenyewe, na kama sitaupata nitakiandika kitabu hadi kituo cha nne nikiache hapo kinanuka kama kidonda. Akacheka, akadhani natania.

Wakati wa likizo ya mwezi wa sita nikapanda tena Newala. Kulikuwa na ule ukungu wetu wa asubuhi unaolowesha nyusi, na huko mashambani watu walikuwa wanapuliza mikorosho dawa ya salfa. Nilimwambia mama mkubwa nilichokiwaza: kichwa chake kimesahau, lakini hadithi hii haikuwahi kukaa kichwani peke yake. Tuirudie njiani.

Dada alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Unataka kumuua mama kwa ajili ya hadithi?"

"Si njia yote. Kituo cha nne mpaka cha tano tu."

"Magoti yake unayajua wewe? Unakuja mara moja kwa miezi mingapi? Andika mwisho wowote, watoto wa watu hawatajua."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mwisho wowote ninao tayari, umejaa mvua, na kila nikiusoma nasikia kichefuchefu. Tukarushiana maneno, wawili sisi wenye mvi, mpaka mama mkubwa akagonga bakora yake sakafuni.

"Miguu ni yangu," akasema. "Na aliyesahau ni mimi. Leteni ndoo."

Dada alikuwa na haki ya kukasirika, nakiri. Angeanguka kule, mimi ningerudi Masasi na kitabu, dada angebaki na mgonjwa. Nililijua hilo na bado nikaenda.

Ikawa kichekesho cha kijiji. Kisima cha bondeni hatungeweza kukifikia, kwa hiyo ilibidi maji tuyachote bombani, uani kwetu, tuyapeleke chini ili tuyapandishe tena. Majirani walitoka kutazama. Kuna njia ya shambani ambayo bodaboda inaweza kufika karibu na kituo cha nne, na mwenye bodaboda alikuwa mtu mzima, Mmakua wa upande wa Chiungutwa aliyeoa kijijini kwetu. Kwa maana hiyo ni mtani wetu sisi Wamakonde, na mtani hapewi nafasi kama ile akaiacha.

"Babu zenu waliukimbia mto wakaja kukaa juu ya mchanga," akasema, akiifunga ndoo kwa mpira. "Haya, Serikali ikawahurumia ikawaletea bomba. Sasa mnayarudisha maji bondeni! Wamakonde, mna nini lakini?"

"Endesha, wewe," mama mkubwa akamwambia. "Ukiniangusha, kwenye msiba wangu hupati hata ukoko."

Alimshika kiuno, wakaondoka polepole. Mimi nikafuata kwa miguu.

Kituo cha nne kilikuwa kimevamiwa na vichaka, ila jiwe lilikuwepo. Mtani aliniegeshea ndoo juu yake, akasema atatusubiri juu. Ndoo ilikuwa nusu, nilikuwa nimejihurumia. Mama mkubwa alichungulia ndani akakunja uso.

"Nusu inacheza, itakuvunja shingo. Iliyojaa inatulia." Akanilazimisha kumiminia humo maji yote ya kidumu cha akiba tulichokuja nacho. Kisha akachuma majani mabichi akayalaza juu ya maji yasiruke. Vidole vyake havikusita hata kidogo. Nikakunja khanga yangu kuwa kata ya kichwani, nikaingia chini ya ndoo, nikasimama. Mungu wangu! Nilikuwa nimeandika neno "mtungi" mara ishirini katika daftari lile, na sikuwa nimekumbuka uzito wake hata mara moja.

Yeye alitangulia na bakora. Hatua, kusimama kidogo, hatua. Akaanza kuimba wimbo wa mgeni aliyepotea, nami nikajibu kutoka chini ya ndoo, sauti imebanwa, "Onja, usimalize, mama anasubiri." Kila aliposita nilisita. Shingo ilinichoma, jasho likaniingia machoni, na nilikuwa naitazama miguu yake ile miembamba nikiomba kimoyomoyo isiteleze. Sikuwaza kitabu hata kidogo. Niliwaza dada na mwiko wake.

Kituo cha tano ni jiwe pana, karibu sana na nyumbani. Ukisimama pale unasikia jogoo wa kijijini. Nikaegesha ndoo, nikashika kiuno, nikahema. Nikamsubiri aimbe. Hakuimba. Alisimama ameweka kiganja juu ya jiwe, akilipapasa. Nikasubiri tena. Nikataka kumkumbusha mwanzo wa wimbo lakini koo langu lilikuwa kavu kiasi kwamba nilipofungua kinywa haikutoka sauti.

Akanitazama. Akacheka, kicheko cha msichana.

"Hakuna mtu," akasema. "Pale hapakuwa na mtu! Ndiyo maana nilikuwa simwoni."

Akayasogeza majani pembeni, akachota maji kwa kiganja, akaninywesha kama alivyoninywesha nilipokuwa mtoto. Nikanywa. Akachota tena, nikanywa. Kisha akanipa mwisho, pale pale, bila kukwama.

Msichana alifika kituo cha tano akatua mtungi, akangoja mwenye kiu ajitokeze. Kimya. Hakuna ndege, hakuna mnyama, hakuna mgeni. Akangoja sana. Ndipo akasikia wimbo unatoka ndani ya koo lake mwenyewe. *Mwenye mtungi, mwenye mtungi.* Akakumbuka kwamba tangu alfajiri amewanywesha wote, na yeye hajanywa. Akajijibu, "Onja, usimalize," lakini maji yalikuwa ya mkupuo mmoja, akionja yamekwisha. Akanywa. Akafika nyumbani na mtungi mtupu, analia. Mama yake akanyanyua kichwa akamwangalia midomo, akaiona imelowa. Akasema, "Leo nimepata maji."

"Na baada ya hapo?" nikauliza.

"Baada ya hapo unanyanyua ndoo unakwenda kupika. Ulitaka nini tena?"

Niliketi chini ya lile jiwe nikalia. Nililia kwa ajili ya kidole changu kile nilichokichovya kupima ndoo yake mbele za watu. Wanawake wale walikuwa wamewanywesha watoto kwenye kituo cha nne, wakawatanguliza wasione, kisha wakapeana ruhusa ya kunywa maji waliyoyabeba wenyewe. Walihitaji hadithi nzima, na vituo vitano, ili kuipata ruhusa hiyo. Na yeye alikuwa amenijibu kwa upole tu kwamba njia imekunywa. Nikasimama, nikachota kwa viganja viwili, nikamnywesha. Maji mengine yalimwagikia kwenye kifua cha khanga yake. Hakuyafuta.

Dada alikuwa amesimama uani, mikono kiunoni. Alimkagua mama yake kuanzia kichwani mpaka kwenye magoti, akaona yuko mzima, ndipo akageukia ndoo akiutafutia ugomvi wake mahali pa kutua.

"Na haya mengine yako wapi? Mmeyamwaga?"

Tulijibu pamoja, mama mkubwa na mimi: "Njia imekunywa."

Dada naye aliwahi kutangulizwa kukoka moto. Alilijua jibu hilo. Akatazama ile khanga iliyolowa. Akaingia ndani akatoka na kikombe na kigoda.

Mtu wa steshenari amenichapia kitabu, ingawa tuligombana tena. Nyimbo zote nne ziko mahali pake. Kituo cha tano nilimwambia aache nafasi nyeupe, nusu ukurasa, bila herufi. Akasema ni kupoteza karatasi, watu watadhani mashine imeharibika. Nikamwambia aache. Akauliza funzo liko wapi. Nikamwambia halimo, na nilikaa kwenye benchi lake mpaka ukurasa wa mwisho ulipotoka ili asije akaniongezea.

Nakala ya kwanza nilimpelekea mama mkubwa mwenyewe. Alikaa mkekani, miguu ameinyoosha, kikombe chake cha maji pembeni. Nikamsomea kwale, kobe, nyuki, mgeni. Kila wimbo akaitikia. Nilipofika kwenye ile nafasi nyeupe nikanyamaza, kitabu kikiwa wazi mapajani.

Alingoja. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kikombe, akanywa mpaka mwisho, akakiweka chini.

"Haya, endelea," akasema. "Mama anasubiri."